Barua kwa mwanangu: Msimamizi wako amekusifu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema msimamizi wako hapo kwenye nyumba ya kulelea wazee, Leeds, ameandika katika tathmini yako kwamba unapokosea unakiri "cheerfully", nawe unahofu anakuona mtu wa kuchekelea makosa. Ondoa hofu, binti yangu. Amekusifu.

Kamusi imekwambia "kwa furaha", ndipo wasiwasi ulipoanzia. Kielezi hiki kitazame pamoja na kitenzi chake. Ukimpokea mgeni cheerfully, umempokea kwa bashasha. Ukikubali zamu ya usiku cheerfully, hukununa wala kunung'unika. Ukikiri jambo cheerfully, umelisema waziwazi, bila kujitetea na bila kuona haya. Hiyo ndiyo yako. Anasema hufichi kosa, na kwa mtu anayewapa wazee dawa, mimi sioni sifa kubwa kuliko hiyo.

Lawama huja kielezi hiki kikiandamana na kitenzi cha kupuuza. Aliyepuuza kanuni cheerfully hakujali hata kidogo. Na mwenzako akisema "I could cheerfully have strangled him", usishtuke, hakusudii kumnyonga mtu. Ndivyo Waingereza wanavyoeleza hasira iliyowapanda.

Shina lake, "cheer", liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na mwanzoni lilimaanisha uso. Jambo hili hunifurahisha sana, maana nasi ukunjufu tunausoma usoni. Unakumbuka 2 Wakorintho 9:7, "Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu"? Biblia ya Kiingereza hapo inasema "a cheerful giver". Waliotafsiri kwa Kiswahili wangeweza kuandika "furaha" wakaendelea na safari. Nawashukuru kwa kutofanya hivyo.

Usikichanganye na "happily". Hicho chaweza kuwa furaha ya moyoni isiyoonekana na mtu, tena kikitangulia sentensi huwa ni "kwa bahati nzuri": "Happily, he was not hurt", yaani bahati nzuri hakuumia. Cheerfully hakiwezi kukaa hapo.

Na kwenye daftari la zamu, ukieleza kwamba mzee ameamka mchangamfu, andika "he looks cheerful". Baada ya "looks" au "feels" hiyo "-ly" haitakiwi.

Nipigie picha tathmini yote unitumie, niyasome na hayo mengine. Mama yako anakusalimu, anauliza kama lile koti zito umeshalinunua.

Baba yako