Kwanza mniambie mzazi ni nani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, sheria impe mzazi neno la mwisho kuhusu elimu na matibabu ya mtoto wake?" Wenzangu wa chama chetu cha akiba walijibu ndiyo hata kabla sijamaliza kuwasomea swali. Mimi nimekwama kwenye neno "mzazi".

Ninaishi Kariobangi, Nairobi, na mjukuu wangu wa miaka tisa. Mama yake, binti yangu, ni mfanyakazi wa nyumbani kule Riyadh. Baba tulimwona mara ya mwisho siku ya ubatizo. Shuleni hatuna shida. Kukiwa na mkutano wa wazazi najibana kwenye yale madawati madogo, magoti yakilalamika, na hakuna anayeniuliza lolote. Hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, ikitaja mzazi, inamhesabu na mlezi. Mtoto asipopelekwa shule bila sababu, kuna faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kwa adhabu, basi, mimi ni mzazi kamili.

Hospitalini ndiko nilikogeuka mgeni. Mwaka jana mafindofindo yalimsumbua hadi daktari akasema yakatwe. Mtoto hajatia kitu tumboni tangu usiku, kishavishwa gauni la wagonjwa, ndipo fomu ya idhini ikaletwa. "Wewe ni nani wake?" Shosho yake. Muuguzi akairudisha kalamu mfukoni: alimtaka mama mzazi, au barua ya korti. Saa za Riyadh ni zetu hizi hizi, lakini binti yangu hushika simu usiku tu, kazi ikiisha. Tukapanda matatu kurudi nyumbani, mtoto akila mandazi huku analia. Alikatwa wiki tatu baadaye, barua ya mama yake ilipofika.

Simlaumu muuguzi. Watoto huibwa, na nisingetaka shosho wa bandia atie sahihi kwa ajili ya wangu. Lakini Sheria ya Ukimwi ya 2006 inamruhusu msichana mwenye mimba, au ambaye tayari ni mama, akubali mwenyewe kwa maandishi kupimwa virusi, hata kama bado ni mtoto. Waliotunga waliona maisha yalivyo wakayaandika. Sisi mashosho hatuonekani?

Kwa hiyo ningependa mzazi anayesafiri apitie kwa chifu kabla ya kupanda ndege, ajaze karatasi moja: nani atatia sahihi shuleni, nani hospitalini, mpaka lini. Mambo ya wakili yasiwepo. Niliyemwendea mimi alitaja pesa zinazotosha karo ya muhula. Katiba, kifungu cha 53, inasema wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au la. Ni maneno mazuri. Huyo baba akisoma gazeti hili, mlango anaujua.

Mwakani mjukuu wangu anatimiza miaka 10, umri ambao wasichana wamekuwa wakichanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi tangu 2019. Barua ya mama yake ilitaja mafindofindo tu.