Jibu: Ugali unakwama kifuani baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo

Pole sana dada. Umesema ni wiki ya 6 tangu upunguzwe tumbo, na kila ukila ugali unakwama kifuani hadi utapike. Tumbo lililobaki ni kama robo tu ya la awali, jembamba kama ndizi. Ugali hushikana ukawa donge, na ukiushushia maji ndiyo unazidi kujaa. Uache kwanza.

Tanguliza protini: yai laini, samaki wa mchuzi aliyechambuliwa, maharage yaliyopondwa. Lengo ni angalau gramu 60 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu, kwa hiyo mtindi usikose. Tonge liwe dogo kama punje ya harage. Tafuna mpaka liwe uji, weka kijiko chini, ndipo uchukue jingine. Maji kunywa nusu saa baada ya kula, kidogo kidogo.

Ila ukitapika hata maji, nenda hospitali siku hiyohiyo, tafadhali. Kutapika mfululizo humaliza vitamini B1, na mishipa ya fahamu huharibika. Wakitaka kukuwekea dripu, waambie ulifanyiwa upasuaji huu, ili B1 itangulie glukosi.