Je, kuwashukuru wamisionari ni usaliti?

SWALI: Shikamoo Baba Padri. Nasomea uuguzi Uingereza, naishi kwa wazee wawili waliowahi kuwa wamisionari kwetu Tanga. Baba alipofariki sikuweza kurudi kumzika. Wazee hawa walikesha nami siku tatu, kama matanga ya nyumbani. Sasa kanisa lao limeniomba nitoe neno la shukrani, na kaka yangu amenikataza. Anasema nitakuwa kama Malkia Emma wa Hawaii, aliyewashukuru maaskofu wa Kiingereza, na haikutimia miaka 30 nchi ikaporwa. Je, nikishukuru nakosea mbele za Mungu?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Kumzika mzazi kwa kutazama simu ni uchungu usio na mahali pa kuuweka.

Hukumu yenyewe ni fupi: hukosei. Simama ushukuru. Ningeishia hapo kama kaka yako asingemtaja Emma, maana hoja hiyo vijana wetu wanaipenda na wengi wameisikia nusu tu.

Emma alifika Uingereza mwaka 1865 akiwa mjane wa miaka 29. Agosti 1862 alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, Albert, mtoto wa miaka minne. Novemba 1863 akamzika na mumewe, Mfalme Kamehameha wa Nne, yule aliyekitafsiri Kitabu cha Sala cha Kianglikana kwa lugha ya watu wake. Huko London alikaa kwa Lady Franklin, mjane. Malkia Victoria aliyempokea alikuwa mjane pia, tena mama wa ubatizo wa yule mtoto. Akaenda hadi kijiji cha Hursley kumwona padri mzee John Keble, aliyefariki miezi michache baadaye. Wewe uliyefiwa ugenini unaelewa kuliko mimi kwa nini mama huyo alishukuru.

Tena hakwenda kupiga magoti. Alikuwa akichangisha fedha za kanisa kuu la Honolulu, na mwaka 1867 ikafunguliwa huko shule ya wasichana ya St Andrew's Priory. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Emma jembe alilishika mwenyewe.

Sasa nchi aliipora nani? Januari 1893 Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wanasheria, huku askari wa meli ya kivita ya Marekani wakiwa wameteremshwa mjini. Lorrin Thurston, mmoja wa vinara, alikuwa mjukuu wa wamisionari. Sanford Dole, aliyeongoza serikali mpya, alikuwa mtoto wa wamisionari. Hilo silifichi, na linaniumiza kama mtumishi wa madhabahu. Lakini hao walikuwa uzao wa misheni ya Wamarekani iliyofika visiwani mwaka 1820, misheni ambayo haikufurahia hata kidogo Waanglikana wa Uingereza kualikwa na mfalme, mume wa Emma. Kaka yako amemkamata mtu asiyehusika na kesi.

Wala Emma hakulala usingizi. Mwaka 1873 alipinga wazo la kuwaachia Wamarekani bandari ya Pearl Harbor. Mwaka 1874 aligombea kiti cha enzi, akashindwa bungeni kwa kura 39 kwa 6. Unaweza kusema aliiamini Uingereza kupita kiasi, nami sitabishana nawe sana. Ila kusema shukrani ilimfunga mdomo, hapana. Alijua nani kamtendea nini, akamlipa kila mtu chake.

Na kama Emma ni msaliti, basi na mabibi zetu waliojifunza kusoma kwenye misheni ya Magila, huko kwetu Tanga, ni wasaliti. Askofu Samuel Wilberforce wa Oxford, aliyeipigania misheni ya Honolulu, aliipigania pia UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanzisha Magila, ambayo ilifika Unguja mwaka 1864.

Kaka yako anadhani shukrani ni sahihi ya kukubali kila alichofanya mtu, na ukoo wake, na taifa lake. Maandiko hayajui shukrani ya namna hiyo. Katika Luka 17 wenye ukoma kumi waliponywa, akarudi mmoja tu, Msamaria, wala Bwana hakumdai aukane Usamaria wake. Na soma Matendo 28: Paulo anatupwa na bahari katika kisiwa cha Malta, na wenyeji wanamkokea moto kwa sababu ya mvua na baridi. Hapo mmisionari ndiye mgeni na watu wa kisiwa ndio wafadhili! Sijasikia mtu akisema Paulo aliwauzia Wamalta utu wake.

Lakini nina neno pia kuhusu hao wanaokualika. Wakitaka shukrani yako iwe tangazo la kuchangisha, picha yako ukutani na maneno waliyokuandikia wao, kataa kwa adabu. Taja kitendo, usitaje hadhi: waliacha taa inawaka, walipika ugali ukawa mabonge, hawakukuhimiza unyamaze. Dakika mbili zinatosha. Ukitaka kusema kwamba historia ya misheni ina vidonda, sema, lakini wazee wako wajulishe kabla, wasiyasikie mara ya kwanza wakiwa kwenye benchi.

Na kaka yako mpigie simu kabla ya Jumapili, umsomee utakachosema. Yeye ndiye aliyeshika jembe kaburini ukiwa mbali, na huenda kinachomuuma si Emma. Mwulize ni nani aliyekesha naye yeye.