Daftari halitoki mkobani, databesi tutaijaza na nini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko kwa shirika moja la huduma za jamii hapa Kisauni, Mombasa, tuko tisa na kila mtu ana namba zake kwa simu yake, huyu ajua nani anatoa maziwa ya watoto, yule ajua nani anatengeneza viti vya magurudumu, hatuambiani. Wiki jana tukamtuma mama wa Bamburi mpaka Likoni, mtoto wake hatembei, kambeba mgongoni kavuka feri, kufika akaambiwa na mlinzi hapa pamefungwa kitambo. Nikaona haya sana. Nimemwomba bosi tutengeneze databesi moja ya wote, yaani orodha moja ya namba zote kwa kompyuta, amekubali, lakini wenzangu wamenuna na dada mmoja wa miaka mingi amesema daftari lake halitoi. Nifanyeje?

JIBU: Marhaba mwanangu. Huyo mama amenikaa moyoni, ule mteremko wa feri naujua, na mtoto mzima mgongoni juani si mchezo.

Huyo dada usimuone mbaya. Na mimi nilikaa dawati kama lenu zamani na tulikuwa na daftari kama hilo, limevishwa karatasi ya kalenda, limefungwa mpira, namba imekatwa kwa wino mwekundu ikaandikwa nyengine juu yake mara tatu, na pembeni "piga baada ya adhuhuri, muulize mama wa jikoni". Hayo maneno ya pembeni ndio mali, na ameyapata kwa miguu yake, sasa mtu aje tu na laptopu amwambie leta, hata mimi ningekataa. Kaa naye, chai na mahamri, yeye asome wewe uandike, na jina lake likae pale kwa kila alichokitoa. Kisha namba yoyote mpya ipitie kwake kwanza.

Programu isikuumize kichwa, Google Sheets, lile jedwali la mtandaoni, yatosha na yafunguka kwa simu. Kinachoua databesi ni kuwa siku ya kwanza kila mtu ajaza, baada ya miezi sita hakuna anayegusa na namba zote zishakufa, mnarudi kule kule kwa mlinzi wa Likoni. Kwa hivo kila mstari uwe na tarehe ya mwisho mliyopiga simu na nani alipiga. Kaunti yetu ina sehemu sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, gawaneni, kila sehemu na mwenyewe, kila miezi mitatu apige zote. Mstari uliopitisha hapo bila kupigiwa usitumiwe kumtuma mtu, mpaka mtu apige kwanza. Namba za bure za nchi nzima ziwekeni juu kabisa, 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia.

Na hapa nakuomba sana, mambo ya wateja yasiingie humo. Databesi hii ni ya huduma, nani anatoa nini, wapi, siku gani, aende na karatasi gani. Jina la mama, ugonjwa wake, watoto wake, hayo yana faili lake na watu wachache wa kulifungua, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yahesabu ugonjwa na majina ya watoto kuwa nyeti. Hata ile nyumba wanayofichwa kina mama waliopigwa, msiandike iko mtaa gani, andikeni namba ya anayehusika basi, maana shiti la watu tisa husomwa na wengi, na mume mwenye hasira hakosi binamu ofisini.

Anzeni na huduma ishirini mnazozitumia kila wiki, hao walionuna wataifungua wenyewe siku mteja amekaa mbele yao na wao hawana namba. Na yule mama wa Bamburi, mtafutieni kituo kilicho wazi, mpige nyinyi wenyewe mhakikishe, ndio mumpigie yeye, na huo ndio uwe mstari wenu wa kwanza.