P2 baada ya siku mbili

Dada, kama kondomu ilipasuka Jumamosi usiku, P2, yaani tembe ya dharura ya kuzuia mimba, bado itakufaa leo Jumatatu, ila usingoje kesho. Kazi yake ni kuchelewesha yai kutoka, likishatoka, haisaidii. Meza miligramu 1.5 kwa mara moja, yaani vidonge vyote viwili kama ni vya 0.75. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia. Ukiwa unatumia dawa za TB zenye rifampisini, nguvu yake hupungua. Hapo koili ya shaba, ikiwekwa kwenye mfuko wa uzazi ndani ya siku 5, ni bora zaidi. Hedhi ikichelewa wiki nzima, pima mimba. Na P2 haizuii HIV hata kidogo! PEP, yaani dawa za kuzuia HIV baada ya kuhatarishwa, huanzwa kabla ya saa 72, kwa hivyo pitia hospitali ya Mbagathi au Mama Lucy, Nairobi, leo hii.