Dokta, nianzie wapi, na usingizi nitaupata lini?

Mwezi huu karibu barua zote ni za wanafunzi wa udaktari wa mifugo, sijui mmeambizana ama ni msimu wa mitihani tu. Nimechukua tatu.

Dokta habari yako. Niko mwaka wa tatu hapo Upper Kabete. Wenzangu wana vyeti vya kujitolea vimejaa faili, mimi sina hata kimoja, wikendi nachemsha mayai nauza steji ndio nilipe rent. Nianzie wapi na nimechelewa hivi? – Wa Mayai, Uthiru

Wa Mayai, kwanza hao wenzako waachie vyeti vyao. Mimi nimekaa upande ule wa kuajiri na hizo karatasi huwa napitisha macho tu, chenye nauliza ni ushawahi kumshika mbwa mwenye hasira, na mtu akianza kuangalia dari najua alienda akapiga picha na tisheti akarudi nyumbani.

Ningekuwa wewe ningeanza na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kenya ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 hakuna mtu anakufa kwa huo ugonjwa kupitia mbwa, na ili uzimike kwa eneo unafaa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa hapo, kwa hivyo mikono huwa haitoshi, haswa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Na hakuna darasa kama hilo. Unasimama kwa uwanja wa shule, foleni inakuja, huyu amefunga mbwa kwa kamba ya katani, huyu ameleta wake ndani ya gunia la viazi, mtoto amebeba kapapi ndani ya sweta ya shule kichwa tu ndio kinaonekana, halafu mbwa wa kumi na mbili anamrukia wa kumi na tatu na mwenye kamba anaiachilia. Ukimaliza siku mbili za hivyo unajua kufunga mdomo wa mbwa kwa bandeji ukiwa umefumba macho.

Lakini wewe mwenyewe uchanjwe kwanza, tafadhali sana. Siku hizi ratiba ya Shirika la Afya Duniani ya kujikinga kabla hujaumwa ni dozi mbili, ya pili wiki moja baada ya ya kwanza. Na ukiumwa hata kama ulichanjwa, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ziwe 15 kweli kwa saa, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo ukaongezewe chanjo. Dalili zikishaanza kuonekana huo ugonjwa hauna dawa, na mwanafunzi wa mifugo hafai kuambiwa hiyo mara mbili.

Ukipata nauli, pale Karen kuna KSPCA, wako kwa hii kazi ya kuokoa wanyama tangu 1910, andika barua ya heshima uulize kama wanachukua wa kujitolea, na usitegee kusafisha vibanda. Kichinjio cha Dagoretti nacho ni karibu na kwako, omba mwalimu akuunganishe na mkaguzi wa nyama, asubuhi moja ya kuona ini lililojaa minyoo bapa likipasuliwa kwa kisu mbele yako itakukalia kichwani kuliko slaidi arobaini. Bando ikiwepo usiku, ule mwongozo wa mifugo wa MSD unasomeka bure kwenye mtandao, na GARC, shirika la kimataifa la kupambana na kichaa cha mbwa, lina kozi za bure za huo ugonjwa, unasoma ukisubiri mayai yaive.

Mahali pamoja tu, Jumamosi moja kwa mwezi. Usiache mayai, rent hailipwi na kujitolea.

Dokta, kuna mwenye agrovet, duka la dawa za mifugo, anataka niwe nadunga ng'ombe za wateja peke yangu, ananilipa kwa kila ng'ombe. Niko mwaka wa nne. Si hiyo ni nafasi ya kujifunza? – Mkono Mwepesi, Wangige

Hapana. Hiyo ni nafasi ya kushikwa. Sheria ya 2011 inasema anayetibu mifugo awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na wewe bado. Mwambie utaenda, ila nyuma ya daktari aliyesajiliwa, yeye ndiye wa kuamua dawa na kusaini. Na fikiria, ukidunga antibayotiki usahau kumwambia mama maziwa asiuze siku ngapi, hayo maziwa yataishia kwa chai ya nani?

Dokta, wiki mbili zilizopita nilisaidia kumdunga mbwa sindano ya mwisho. Figo zilikuwa zimeisha, ilikuwa sawa kabisa kitabibu. Tangu hapo silali vizuri, nimefeli CAT, ule mtihani wa katikati ya muhula, na sapu, mtihani wa kurudia, inakuja. Wenzangu wanacheka, wanasema mimi ni mlaini. – Nisijitaje

Dada ama kaka, pole.

Wa kwanza wangu alikuwa mbwa wa mzee mmoja, amezeeka macho yote yamekuwa meupe. Mzee alimshika kichwa mpaka mwisho, akavua ile mkanda ya shingoni, akaikunja mara mbili akaweka mfukoni, akaniambia asante daktari na mimi sikuwa daktari bado. Nilienda nyuma ya kliniki nikajifanya naosha gamubuti, nikaziosha kama nusu saa. Hao wanaokucheka waulize walioshea wapi zao.

Hii kazi ni kati ya chache ambapo mtu anamaliza maisha kwa mkono wake asubuhi na saa nne anapokea mtoto wa mbuzi, na hatufunzwi kuongea. Tafiti za Uingereza, Marekani na Australia zimeona kwamba madaktari wa mifugo wanajiua kwa kiwango cha juu kuliko watu wengine, kwa hivyo kusema umelemewa si ulaini. Kesho tafuta mshauri wa wanafunzi hapo chuoni. Ukiona fikra zimekuwa za kutotaka kuishi usingoje kesho, piga 1199, ni laini ya Msalaba Mwekundu na haikati kredo, na umwambie mtu mmoja unayekaa naye.

Halafu nenda kwa yule daktari mliyekuwa naye siku hiyo, muulize aliamua vipi kwamba wakati umefika, hatua kwa hatua, vipimo vilisema nini. Mara nyingi kinachokunyima usingizi ni lile swali la labda tungengoja, na yeye ana jibu.

Sapu nimefanya mbili, zote za anatomia. Lala kwanza, soma asubuhi.