Among Us sebuleni: lindeni kikao kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mnaweza kucheza Among Us watu wanane sebuleni bila kila mmoja kununua bando, na kwa nini raundi zenu zinapoa mapema hadi wengine wanarudi kuperuzi Instagram. Mimi na washkaji tunaicheza Jumamosi jioni hapa Sinza, na katika magemu yote ya simu hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu. Kwa asiyelijua: wachezaji wanafanya kazi ndogondogo, huku imposta, wauaji waliojificha kati yao, wakiwachinja kimyakimya; maiti ikikutwa kinaitwa kikao cha kujadiliana na kupiga kura nani atolewe.

La bando ni jepesi. Ukifungua gemu chagua Local badala ya Online. Mmoja anawasha hotispoti, wengine wanaunga Wi-Fi kwenye simu yake, anafungua chumba na kila mtu anakiona. Android na iPhone zinaingiliana bila shida. Hakikisheni tu kwamba wote mmesasisha kabla ya kukutana, kwani simu yenye toleo la zamani haitaingia chumbani.

La raundi kupoa ndilo lenye maneno. Naamini watu wengi wanaliendesha hili gemu kama mashindano ya kumaliza kazi na kukimbia imposta, wakati utamu wake wote uko kwenye kikao. Waliolitengeneza, Innersloth wa Marekani, walilitoa mwaka 2018 wakiwa wamechota wazo kwenye Mafia, mchezo wa kukaa duara na kutuhumiana ulioanzishwa na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia mjini Moscow, miaka ya 1980. Mafia haina simu wala ramani. Ni watu, uongo na kura. Kwa hiyo chochote kinachovuruga mazungumzo ya kikao kinaua raundi, hata kama simu zenu ni za kisasa namna gani.

Cha kwanza kinachovuruga ni kelele nje ya kikao. Mkiwa chumba kimoja, mtu akichinjwa anapiga ukelele, na hapo kila mtu anajua kuna maiti. Sisi tuna sheria isiyo na msamaha: mdomo unafunguka kikao kikiitwa tu, na aliyekufa hasemi, haguni, hacheki mpaka raundi iishe. Simu zote kimya, maana mlio wa imposta akizama kwenye tundu la hewa, njia yake ya siri ya kuhamia chumba kingine, unamuumbua. Kaeni migongo ikiwa ukutani, mtu asichungulie kioo cha jirani.

Cha pili ni mipangilio. Kwa watu wanane weka imposta wawili. Mkipungua hadi sita au watano, mmoja anatosha. Muda wa kujadili na kupiga kura usiubane. Kwa wageni acha kazi zinazoonekana ziwe zimewashwa, ili mtu akijipima kwenye chumba cha tabibu wengine wamshuhudie na kumwamini. Wakishazoea, zizime. Zima pia ile taarifa inayotangaza kama aliyetolewa alikuwa imposta. Hapo ndipo vikao vinapokuwa vitamu, kwa sababu hakuna ushahidi wa bure tena; inabidi mtu ajieleze.

Cha tatu ni namna ya kuendesha kikao chenyewe. Aliyekuta maiti aanze: ameikuta wapi, alimwona nani njiani. Kisha kila mmoja aseme alipokuwa, bila kukatizwa. Mkiwaachia wenye sauti kubwa wavamie, mtamtoa asiye na hatia kila mara, na wale wapole ndio watakaorudi Instagram.

Nakupa mfano uone. Tulikuwa kwenye ramani ya The Skeld, maiti imekutwa chumba cha umeme. Mchezaji wa rangi ya njano anaapa kwamba muda wote alikuwa kwa tabibu, na karibu wote tumemwamini, maana ni mzungumzaji hasa. Shemeji yangu, ambaye hata kwenye sherehe za familia husikii sauti yake, akaomba nafasi. Alikuwa akitazama kamera za ulinzi. Alimwona wa njano akiingia kwa tabibu na hakumwona akitoka. Akamgeukia mwingine, "Wewe umesema ulipishana naye wapi?" Akajibiwa, kwenye korido ya umeme. Shemeji akamaliza kwa utulivu, "Basi amepita chini," kwa sababu tundu la tabibu linaungana na la umeme na la chumba cha ulinzi. Tukamtoa wa njano. Tangu siku hiyo shemeji akiomba kuongea watu wananyamaza, na hata nje ya gemu amechangamka nasi. Hilo kwangu lina thamani kuliko ushindi wowote.

Kuhusu anayekufa mapema na kuchoka: mkumbushe kwamba akishakufa anaendelea na kazi zake kama mzimu na zinahesabika, na timu nyingi hushinda kwa kazi zilizomaliziwa na wafu. Pia washa majukumu maalumu ya wachezaji yaliyoongezwa Novemba 2021, hasa Guardian Angel, ambaye akishakufa anaweza kumkinga aliye hai asichinjwe. Ukimpa mtu nafasi hiyo hatashika simu kwa jambo jingine.

Kama kuna wasiopenda kutuhumiana kabisa, na wapo, msiwalazimishe. Wapeni Hide n Seek, aina nyingine ya kucheza ndani ya gemu hilohilo iliyokuja Desemba 2022. Imposta anajulikana tangu mwanzo, hakuna kikao, mnajificha na kukimbia hadi muda uishe. Ni kombolela ya kwenye simu. Sisi tunaanza nayo watoto wakiwa bado macho, wakishalala ndipo tunaingia kwenye mashtaka.

Na kama mna mshkaji aliye mbali, kama wetu aliyehamia Muscat, mchezeni Online kwa raundi chache. Mwenye chumba anakifanya cha faragha, anamtumia ile kodi (code) ya herufi sita ya kuingilia, na mnampigia WhatsApp kwa simu moja ya pembeni iwekwe mezani kwa sauti. Maiki zizimwe pande zote mbili wakati wa kucheza, ziwashwe kikao kikiitwa. Akifa yeye, anabaki amezima maiki mpaka raundi iishe, sawa na walioko sebuleni.